Faili Aliloacha Rula

Saa mbili na nusu asubuhi, ghorofa ya pili, juu ya duka la fotokopi. Mwanamke mwenye miwani machoni na nyingine kaipandisha kichwani amekaa mbele ya kompyuta. Simu ameibana kati ya sikio na bega, mkono mmoja unapangusa vumbi kwenye kibodi kwa kitambaa.

"Mama, faili limegoma kufunguka," inasema sauti ya mhandisi mmoja aliye upande wa pili wa mji. "Linaleta maandishi mekundu, halafu programu inajifunga yenyewe."

"Maandishi yanasemaje?"

"Sijayasoma, mama. Niliyaondoa haraka."

"Ehe! Mtu anakupigia hodi, wewe unafunga mlango, halafu unanipigia mimi simu kuniuliza alikuwa anataka nini?"

Mhandisi anacheka kwa aibu. Mwanamke hacheki. Anamwambia afungue tena, asiguse kitu, amsomee neno kwa neno, hata maneno asiyoyaelewa. Mhandisi anasoma. Kumbe programu inalalamika kwamba haioni vipuri vilivyotajwa kwenye mchoro, kwa sababu jana jioni bwana huyo alibadilisha jina la folda vilimohifadhiwa.

"Rudisha jina la zamani," anamwambia. Dakika moja haijaisha, faili linafunguka.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba. Na usibadilishe majina ya mafolda kama unavyobadilisha mashati."

Huyu ndiye wanayemwita Bi Kosa. Ana miaka hamsini na mbili. Jina alipewa na wateja kutokana na swali lake la kila siku: kosa linasemaje? Wamezoea kumtania kwamba kosa moja haliachi mke, hasa wanapomletea faili lenye tatizo lile lile la wiki iliyopita. Naye huwajibu kwamba hilo ni kweli kwa la kwanza. La pili linalipiwa mara mbili.

Kazi yake wengi hawajui kama ipo. Ndani ya redio, ndani ya taa ya dharura, ndani ya pampu ya maji, kuna kibao chembamba, mara nyingi cha kijani, chenye njia nyembamba za shaba zinazopeleka umeme huku na huku. Hiyo ndiyo bodi. Kabla haijatengenezwa kiwandani, mtu huichora kwenye kompyuta, na mchoro mmoja huweza kugawanyika katika mafaili kumi au kumi na matano. Lipo la njia za juu, la njia za chini, la matundu, la mahali pa kukata. Moja likipotea au likiharibika, kiwanda hurudisha kazi. Au kibaya zaidi, hakirudishi. Kinatengeneza kama kilivyoelekezwa.

Hapo ndipo Bi Kosa anapoitwa. Kwa mwezi hupata kazi kumi na mbili, mwezi mzuri kumi na tano. Theluthi ya anachopata huliwa na kodi ya chumba hiki chenye meza moja, viti viwili na feni inayopiga kelele kuliko inavyopuliza. Macho yameanza kumchoka. Ndiyo maana ana miwani mbili, ya karibu na ya karibu zaidi.

"Kompyuta haina adabu, lakini haisemi uongo," anasema. "Ikikuandikia kosa, ina sababu. Sisi ndio tunaoona uvivu kuisikiliza."

Utani wake wote unaishia hapo, kwa sababu anayesema ni mtu aliyewahi kuona uvivu kusikiliza, na aliyelipa hakuwa yeye.

Miaka tisa iliyopita alikuwa mwajiriwa wa kampuni iliyokuwa ikitengeneza mita za umeme. Mchoraji wa bodi alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, mnyoofu wa mgongo, ambaye ofisi nzima ilimwita Rula. Jina lilimkaa sawasawa, maana alipima kila kitu, hata umbali wa kiti chake na ukuta. Rula alichora. Bi Kosa, ambaye wakati huo hakuwa bado Bi Kosa, alikagua mafaili na kuyatuma kiwandani.

Alhamisi moja mkuu wa kitengo alisimama nyuma ya kiti cha Bi Kosa, saa mkononi. Kiwanda kilikuwa kinasubiri. Programu ilimwonyesha maonyo arobaini na sita. Alikuwa ameyaona mengi ya namna hiyo: herufi imepandana na alama, jina la kipuri limetoka nje ya mstari, mambo madogo madogo yasiyodhuru. Akasoma matano ya mwanzo. Kisha akabonyeza sehemu iliyoandikwa puuza yote.

Onyo la thelathini na nane halikuwa la herufi. Lilikuwa linasema njia mbili za shaba zimegusana. Mchoro wa Rula ulikuwa mzima. Kugusana huko kulitokea wakati Bi Kosa mwenyewe anaugeuza kuwa mafaili ya kiwanda.

Bodi elfu mbili na mia nne zilifika zikiwa zimeng'aa kama sahani mpya. Hakuna hata moja iliyowaka. Zilitiwa kwenye magunia.

Pembeni mwa kila bodi kulikuwa na jina la mchoraji, kwa herufi ndogo nyeupe. Kampuni haikutafuta zaidi ya hapo. Rula alipewa barua ya kufukuzwa kazi, na sababu iliandikwa kwa neno moja: uzembe.

"Nilimwona akikunja ile barua," anakumbuka Bi Kosa. "Aliikunja mara mbili, pembe kwa pembe, kama alivyokuwa akikunja karatasi zote. Akaniambia, 'Dada, kwaheri, tutaonana.' Mimi nikamjibu, 'Haya, kaka.' Basi. Hayo ndiyo niliyoweza kumwambia."

Alikaa kimya miezi saba. Sababu alikuwa nazo: mama yake alikuwa mgonjwa, na bima ya matibabu ilitoka kwa mwajiri. Hazitaji ili kujitetea. "Kila mwoga ana sababu," anasema. "Ukimkuta mwoga asiye na sababu, huyo si mwoga, huyo ni mjinga tu."

Mama yake alipofariki, aliandika barua ya kuacha kazi, kisha akaenda nyumbani kwa Rula. Alimkuta ameweka mlango mkuukuu juu ya matofali akaufanya meza, anachora. Akamweleza yote akiwa amesimama. Rula alisikiliza bila kuinua kichwa. Alipomaliza, aliuliza swali moja.

"Lilikuwa onyo la ngapi?"

"La thelathini na nane."

Rula akatikisa kichwa pole pole. "Miezi saba nimeurudia ule mchoro, njia kwa njia, natafuta nilipokosea," akasema. "Sikupaona. Nikaanza kuamini kwamba macho yangu yameharibika. Sasa angalau najua macho ni mazima."

Hakusema amesamehe. Hakusema hajasamehe. Bi Kosa alipojitolea kwenda kwa mkuu wa kitengo kueleza ukweli, Rula alimkatalia. Alikuwa amepata wateja wake wadogo wadogo, na hakutaka kurudi pale kwa kuhurumiwa. "Liache," alimwambia. Bi Kosa akaliacha. Anakiri kwamba alilipokea neno lile kwa pupa, kama mtu mwenye kiu.

Baada ya hapo walisalimiana kwa simu mara moja moja, sikukuu na sikukuu. Miaka miwili iliyopita Rula aliugua ghafla, na wiki haikuisha. Bi Kosa alihudhuria mazishi, akasimama nyuma kabisa, akaondoka kabla watu hawajaanza kutawanyika.

Mwezi wa tatu mwaka huu, Jumatatu, mwanamume mwenye begi la zana alipanda ngazi za jengo hili akihema. Alikuwa fundi wa vifaa vya hospitali. Akatoa begini flashi na bodi moja iliyofungwa kwenye plastiki.

Hospitali yake, alieleza, ina mashine sita za kuwapasha joto watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya wakati. Bodi zinazoendesha mashine hizo hazikununuliwa nje. Zilichorwa na mhandisi wa hapa hapa, kwa bei ambayo hospitali ndogo inaimudu. Sasa mbili zimekufa, na ya tatu inawaka na kuzimika ipendavyo. Kiwanda kiko tayari kutengeneza bodi nyingine, lakini mchoro uko ndani ya faili moja tu, na hilo faili halifunguki.

"Mhandisi mwenyewe anasemaje?" aliuliza Bi Kosa.

"Marehemu, mama."

Bi Kosa akavaa ile miwani ya karibu zaidi, akaigeuza bodi kwenye mwanga wa dirisha. Pembeni, kwa herufi ndogo nyeupe, aliliona jina la Rula.

Fundi alidhani mama huyu amepatwa na kizunguzungu. Akamsogezea kiti. Bi Kosa alimwambia ni jua la dirishani, akaipokea kazi bila kuuliza malipo.

Mafaili ya namna hii, ukiyafungua kwa programu ya kawaida ya kuandikia, ni maneno na namba tu zilizofungwa ndani ya mabano. Alilifungua la Rula kwa njia hiyo, akateremka hadi chini. Mstari wa mwisho ulikuwa umekatika katikati ya namba. Mtu alichomoa flashi kabla kompyuta haijamaliza kuhifadhi, na faili likabaki kama barua iliyochanwa mkia. Programu ilipofika pale, ikakosa pa kukanyaga, ikaanguka.

Ilimchukua siku mbili kuhesabu mabano na kufunga yaliyobaki wazi. Siku ya tatu faili lilifunguka. Mchoro ukatokea kwenye kioo, njia zake zimenyooka kama alivyokuwa mwenyewe. Ila sehemu ya mwisho haikuwepo, na hakuna aliyejua ilikuwa na nini.

Ikabidi atafute nakala. Akaenda kwa mjane.

Mke wa Rula ni fundi cherehani. Alimpokea akiwa na sindano mdomoni, akamsafishia kiti kilichojaa vitambaa. Kompyuta ya marehemu, alisema, iliharibika mvua zilipovuja darini; hakuna kilichosalia. Kilichobaki ni madaftari. Akaingia chumbani, akarudi na matatu yaliyofungwa kwa uzi wa kushonea.

"Dada, wewe si ndiye uliyefanya naye kazi kule kwenye mita?" aliuliza akimkabidhi.

"Ndimi, shemeji."

"Basi nisaidie jambo. Mume wangu alifukuzwa kwa uzembe. Mtu aliyekuwa akipima chumvi kwa kijiko, uzembe ulimwingilia wapi? Kila nikimuuliza alikuwa ananiambia yamepita. Mpaka anaingia kaburini hakuniambia. Kulitokea nini?"

Bi Kosa hakuwa amejua. Miaka yote aliamini kwamba Rula alimweleza mkewe, na kwamba mwanamke huyu anamchukia kwa haki. Kumbe marehemu alikuwa ameifunika siri ya Bi Kosa hata ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Ni habari ndefu, shemeji," alijibu. "Nitarudi."

Alishuka ngazi na madaftari kifuani. Anasema kati ya mambo yote aliyoyafanya, lile jibu ndilo linalomuumiza zaidi, kwa kuwa safari hii hakuwa na mgonjwa wala bima ya kusingizia.

Ndani ya madaftari hakukuwa na michoro. Rula alikuwa akiandika ukaguzi. Kila kazi aliyowahi kuituma kiwandani baada ya kufukuzwa ilikuwa na tarehe yake, jina la mteja, na mstari mmoja chini: maonyo, sifuri. Ukurasa baada ya ukurasa, sifuri. Hata bodi ya taa ya dukani, kitu cha njia nane, ilirudiwa mara tatu hadi ikafika sifuri.

Kwa kuitazama ile bodi mbovu, Bi Kosa alikamilisha sehemu iliyopotea. Alhamisi mchana aliamuru programu ikague. Makosa: hakuna. Maonyo: moja.

Onyo lilisema kwamba upande wa umeme wa ukutani na upande wa umeme mdogo zimekaribiana kuliko inavyoruhusiwa, pale chini ya transfoma. Akapima kwenye bodi halisi. Umbali ni ule ule. Bodi hii ilifanya kazi miaka mitano na umbali huo huo.

Akampigia fundi wa hospitali.

"Mama, tuma tu," alisema fundi. "Kesho saa sita kiwanda kinafunga oda. Tukikosa hiyo, tunasubiri wiki tatu. Na leo asubuhi ile mashine ya tatu imezimika moja kwa moja. Wauguzi wanawaweka watoto wawili wawili."

"Kuna onyo moja."

"Si umesema bodi ya zamani iko hivyo hivyo?"

"Iko hivyo."

"Sasa?"

Bi Kosa anakumbuka kwamba kidole chake kilikuwa tayari juu ya kibonyezo. Anakumbuka pia kwamba hakuwa anafikiria umeme. Alikuwa anafikiria yale madaftari. Mtu aliyerudia bodi ya taa mara tatu ili afike sifuri hawezi kuwa alituma mashine ya watoto wachanga ikiwa na onyo. Kwa hiyo kwenye mchoro wake onyo hili halikuwepo. Na kama halikuwepo, basi kuna kitu cha Rula kilichopotea pamoja na ule mkia wa faili, kitu ambacho yeye hajakiona.

"Situmi," akasema.

Fundi alikata simu. Si kwa adabu.

Ijumaa saa tano fundi alitokea mwenyewe mlangoni, amekasirika, ameleta bodi ya pili iliyokufa, kama Bi Kosa alivyomwomba baadaye kwa ujumbe. Bi Kosa akawasha chuma cha kulehemu. Walipasha miguu ya transfoma mmoja mmoja hadi ikalegea, wakaing'oa. Chini yake kulikuwa na gundi nyeusi, ngumu kama lami, iliyowekwa kuzuia unyevu. Wakaikwangua kwa kisu kidogo.

Bodi ilikuwa imekatwa. Chini ya transfoma, pasipoonekana kwa juu wala kwa chini kwa sababu ya gundi, palikuwa na mpasuko mwembamba uliopita katikati kabisa ya zile pande mbili, upana wa milimita mbili, urefu wa sentimita nne.

Fundi alikaa chini. Yeye ndiye aliyeeleza, taratibu, kana kwamba anajisomea mwenyewe. Chumba cha watoto njiti kina joto na unyevu mchana kutwa. Katika hali hiyo umeme unaweza kutambaa juu ya bodi, kidogo kidogo, kwa miezi, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mpasuko ule ndio uliokuwa unauzuia kuvuka. Bila huo, bodi mpya zingewaka vizuri, zingepita majaribio yote, zingefungwa kwenye mashine. Na siku moja umeme wa ukutani ungeufikia ule waya mdogo wa kupima joto.

"Ule waya tunaubandika kwenye ngozi ya mtoto," alisema fundi.

Saa sita ikapita.

Bi Kosa aliuchora mpasuko, akakagua tena. Sifuri. Oda ikaingia Jumatatu, na wiki tatu zikaanza kuhesabiwa.

Wiki hizo hazikuwa nyepesi. Mashine zilizobaki zilikuwa tatu. Akina mama waliwashikilia watoto vifuani, ngozi kwa ngozi, kwa zamu na dada zao na waume zao, kama wauguzi walivyowaelekeza. Watoto wawili walihamishiwa hospitali iliyo mwendo wa saa tatu kwa gari. Mtoto mmoja, wa kike, aliyezaliwa na uzito wa gramu mia tisa, alifariki siku ya kumi na moja.

Daktari alimweleza fundi kwamba mapafu ya mtoto yule hayakuwa tayari, na kwamba alikuwa ndani ya mashine nzima wakati wote. Fundi alimweleza Bi Kosa hivyo hivyo. Bi Kosa alishukuru. Lakini alimuuliza mara mbili, siku mbili tofauti, kama kweli mtoto alikuwa peke yake ndani ya mashine ile au walikuwa wawili. Mara zote mbili fundi alisema alikuwa peke yake.

"Ninamwamini," anasema Bi Kosa. "Lakini watu wakiniambia nilifanya vizuri kungoja, siwezi kuitikia haraka. Nilifanya kilichopaswa. Vizuri ni neno jingine."

Bodi zilifika tano. Tatu zilifungwa, mbili zikawekwa akiba kabatini. Leo mashine zote sita zinafanya kazi. Fundi wa hospitali, ambaye siku ile alikata simu, sasa hupanda ngazi hizi hata asipokuwa na kazi. Hukaa kwenye kile kiti cha pili, hulalamikia feni, kisha huondoka. Wiki iliyopita aliifungua akaitia mafuta. Kelele imepungua, upepo bado.

Jumamosi iliyofuata baada ya bodi kufungwa, Bi Kosa alirudi kwa mjane kurudisha madaftari. Safari hii alikataa kiti. Alieleza yote: maonyo arobaini na sita, la thelathini na nane, miezi saba, meza ya mlango, neno "liache". Cherehani ilikuwa imesimama, mguu wa mjane bado uko juu ya kanyagio. Binti mkubwa wa marehemu, mwenye miaka kumi na tisa, alikuwa anapiga pasi, akaizima.

Mjane hakulia. Aliuliza, "Alijua ni wewe?"

"Alijua."

"Na akakaa na hilo."

"Akakaa nalo, shemeji."

"Usiniite shemeji leo," alisema mjane. Akaendelea kwa sauti ile ile ya chini. "Kaka zangu mwenyewe walinicheka. Walisema nimeolewa na mtu aliyeshindwa kazi ya kukaa kitini. Wanangu walisikia. Huyu hapa alipigana shuleni kwa ajili ya neno hilo, akavunjwa jino. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo," alijibu Bi Kosa. "Nilikuwa naishi mitaa sita kutoka hapa."

Mjane alimwambia aondoke. Akaondoka. Hakuwa ametegemea jingine, na anasema angeshangaa kama angepewa chai.

Siku ya nne binti alipanda ngazi za duka la fotokopi. Alisimama mlangoni, akatazama kompyuta, akatazama chumba. Akasema mama yake amemtuma na ujumbe mmoja: mficha uchi hazai, na yeye anataka yale maneno yaandikwe kwenye karatasi, yapelekwe kampuni, na nakala aletewe nyumbani.

"Na wewe, mwanangu, unataka nini?" aliuliza Bi Kosa. "Wanaweza kudaiwa fidia."

"Sitaki hela yao, shangazi. Baba ana faili pale ofisini. Limeandikwa uzembe. Nataka walifute lile neno."

Bi Kosa anasema hakutegemea kuitwa shangazi. Alimpa binti kile kiti cha pili, wakaiandika barua pamoja, yeye akisema na binti akichapa. Kurasa mbili. Hakuna palipoandikwa "kwa bahati mbaya". Binti alikuwa ameliandika neno hilo mara moja akidhani anamsaidia. Bi Kosa akamwomba alitoe.

Barua ilipelekwa kwa mkono. Wiki ya tatu sasa hakuna jibu. Mkuu wa kitengo wa zamani, ambaye leo ni meneja, alipopigiwa simu alisema hayo ni mambo ya zamani, kampuni imehama jengo, mafaili ya wafanyakazi wa wakati ule hajui yako wapi. Akaongeza kwamba anashangaa mtu mzima kujichimbia kaburi mwenyewe: habari zikienea, ni mteja gani atampa kazi mkaguzi aliyepuuza maonyo?

Huenda kweli. Wateja wawili wameshasikia na hawajapiga simu tena. Wengine bado wanapiga, wanauliza maswali yale yale na kutaniwa utani ule ule. Bi Kosa haonekani kulihesabu hilo sana. Ameanza kuzungumza na chuo kimoja cha ufundi ili Jumatano jioni awafundishe wanafunzi kusoma maonyo, na kipindi cha kwanza anataka kukianza kwa mfano wa bodi elfu mbili na mia nne, akitaja ni nani aliyezituma.

Lakini kabla ya Jumatano iko Jumatatu. Amekwisha kumwambia mhandisi wa folda na fundi wa hospitali kwamba siku hiyo ofisi itafungwa. Anakwenda mwenyewe kwenye jengo jipya la kampuni, na binti wa Rula ameomba kufuatana naye. Mjane hajasema atakwenda. Hajasema pia kwamba hatakwenda. Ila jana alimtuma binti kuuliza ni saa ngapi wanatoka.

Bi Kosa amemjibu kwamba ni saa mbili kamili. Akifika hataomba kiti wala miadi, anasema. Atasoma barua yake mapokezi, kwa yeyote atakayekuwepo, kisha atauliza ni nani mwenye funguo za kabati la mafaili ya zamani.

Haogopi?

"Naogopa sana," anasema, na anaivua miwani kuifuta. "Miaka tisa nimeogopa nikiwa nimekaa. Jumatatu nitaogopa nikiwa nakwenda."